Nilikataa utepe wa askari, sasa mtaa unaniita mwenye kiburi

Shikamoo Mama,

Mimi ni mke wa mwanajeshi, nina miaka 31 na watoto wawili. Mume wangu yuko misheni Kongo, huu ni mwezi wa nane. Hatukai kota, tumepanga uraiani, nyumba moja na wapangaji wengine watatu.

Wiki tatu zilizopita zilitoka habari za mapigano kule aliko. Simu yake haikupatikana kwa siku nne. Sikulala. Nilikuwa nikisikia pikipiki inasimama nje nafikiri ni watu wa kambini wamekuja kunipa habari.

Ndani ya siku hizo hizo, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ni kiongozi wa vijana hapa mtaani, akaanzisha jambo la kuonyesha mshikamano na askari wetu. Kundi la WhatsApp la mtaa karibu wote wakabadilisha picha zao wakaweka mshumaa na bendera. Zikashonwa tepe za kijani. Zikachapwa fulana. Jumamosi kukawa na matembezi kutoka sokoni hadi ofisi ya serikali ya mtaa, mbele kuna gari lenye spika kubwa, na nyuma yake bango lenye picha ya mume wangu akiwa amevaa kombati. Mimi sikuulizwa. Bango nililiona barabarani kama mpita njia.

Walipofika, shemeji akaniita kwenye kipaza sauti niwe wa kwanza kufungwa utepe. Nikasema hapana, naomba mnisamehe. Nikamshika mtoto mkono nikarudi nyumbani. Tangu siku hiyo nasemwa. Eti nina kiburi, eti nimewadhalilisha watu waliojitolea.

Mama, naomba ujue kwa nini nilikataa. Mwezi wa nne tangu mume wangu aondoke, mtoto wetu mdogo alishikwa na homa saa nane usiku mpaka akawa anatetemeka. Niligonga milango mitatu, hakuna aliyefungua. Nikampigia shemeji, simu ikaita mpaka ikakatika. Asubuhi akaniandikia, "Shem, nilikuwa nimelala." Nilimbeba mtoto mgongoni hadi barabara kuu, kijana wa bodaboda nisiyemjua akatupeleka na akakataa hela. Mwezi uliofuata nilichelewesha marejesho ya kikoba kwa siku mbili. Nikatozwa faini na kusemwa mbele ya wanachama wote, kwamba mke wa mwanajeshi anawezaje kukosa hela. Mwekahazina aliyenisema siku ile ndiye niliyemwona kwenye matembezi na utepe mkubwa kuliko wote.

Siku ya tano mume wangu akapiga. Nilipomsimulia alicheka, akasema, "Waache wafurahi, huku hazitufikii." Kisha akaniuliza, bango lilikuwa na picha ipi? Nikamwambia sikumbuki.

Sasa mama mkwe, aliye kijijini, alipelekewa utepe na anauvaa kanisani kila Jumapili. Amenipigia akisema nimemuaibisha mwanawe.

Naomba unijibu bila kunibembeleza. Mambo haya ya tepe na mishumaa yana maana yoyote kwa askari, au watu wanajifurahisha wao wenyewe? Na je, niombe radhi?

Mke wa askari, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Pole kwa homa ya mtoto, na pole zaidi kwa zile siku nne. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale, kwenye pikipiki inayosimama nje. Mama yangu alikuwa akisikiliza hivyohivyo, ila enzi zake ilikuwa ni Land Rover.

Kwa kukataa utepe hujakosea, na radhi ya kukataa usiiombe. Mtu ambaye hajui kama mumewe yu hai haitwi kwenye kipaza sauti. Aliyetaka kukuheshimu angekuja kwanza mlangoni kwako, akakaa, akauliza simu imepatikana au bado.

Lakini umeuliza pia kama mambo haya yana maana yoyote, na hapo sitakuwa upande wako wote.

Mimi ni mtoto wa askari. Mwaka 1978, Idi Amin alipovamia Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa, nilikuwa na miaka tisa na tulikuwa tunaishi Tabora. Baba yangu alipanda treni ya Mwanza na wenzake. Stesheni ilijaa mpaka watoto tukapandishwa mabegani. Wanawake walikuwa wanapitisha madirishani mayai ya kuchemsha, karanga, viazi vilivyofungwa kwenye majani ya mgomba. Nchi nzima ilikuwa inatoa: ng'ombe, mbuzi, magunia ya mahindi, malori. Mwalimu Nyerere aliposema sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, watu walielewa kwamba huo uwezo ni pamoja na jogoo wao aliye bandani. Waliopunga mikono pale stesheni wengi wao walikuwa wameshatoa kitu.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Baba alirudi mwaka uliofuata, mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Alipokelewa kwa ngoma, akavishwa taji la maua lililosukwa na wanafunzi, mwenyekiti wa kijiji akatoa hotuba ndefu. Halafu ngoma zikaisha. Ikaja ile miaka ya foleni, sukari ya kugawiwa na sabuni ya magendo, na baba akasimama foleni kama wengine, uzito wote kwenye mguu mmoja. Hakuna aliyemwambia pita mbele. Hakulalamika, lakini mama alikuwa akimkanda kiuno kila usiku.

Siku moja fundi viatu wa pale sokoni, mzee ambaye hatukuwa na undugu naye, alimwita, akamkalisha kwenye kigoda, akampima mguu kwa kamba. Wiki iliyofuata kiatu cha kushoto kilikuwa na soli ya tairi ya tabaka tatu. Alikataa kulipwa. Baba alivaa viatu vya namna hiyo mpaka anakufa, na kila soli ilipolika mzee yule, baadaye mwanawe, aliiongeza.

Utadhani basi baba aliyadharau magwaride. Hata kidogo. Siku ya Mashujaa alikuwa anaamka mapema, anapiga pasi suruali, anakaa wima mbele ya televisheni ya jirani kama vile yeye ndiye anayekaguliwa. Unajua utaratibu ule: Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wazee waliopigana vita anaweka shoka. Baba alikuwa anasubiri shoka. Mzee akipiga hatua kulipeleka pale mnarani, baba alikuwa anavua kofia. Nilimuuliza, baba, mbona yule fundi amekufaa kuliko sherehe zote hizi? Akaniambia kiatu ni cha mguu wake, lakini lile shoka ni la wale aliowaacha Kaboya, kwa kuwa wao hawana tena haja ya kiatu. Kaboya, kule Muleba, ndiko walikozikwa askari wetu wa vita vile.

Kwa hiyo nisingependa useme ni mchezo mtupu. Desemba 7, 2017, kambi ya askari wetu wa kulinda amani kule Semuliki, wilayani Beni, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa, na siku chache baadaye tukapokea miili 14 hapa nyumbani. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alisema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wao katika historia ya karibuni. Miaka mingine baadaye nilikaa na mama aliyezika mwana aliyefia katika misheni. Hakunisimulia hotuba. Alinisimulia kwamba gari lilipoingia kijijini kwao, watu walikuwa wamesimama kando ya barabara tangu njia panda, kimya, na muuza machungwa alikuwa ameshusha beseni lake kichwani. Akasema, wangekuwa wanaendelea na shughuli zao ningedhani mwanangu amekufa bure. Beseni lile halikumrudishia mtoto, na mpaka leo analisimulia.

Sasa nikuambie kinachonikera mimi, maana nacho kipo.

Ukifika Dar es Salaam, pale Posta, tazama ile Sanamu ya Askari. Imesimama tangu mwaka 1927. Waingereza waliiweka kuwakumbuka Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, pamoja na wapagazi, ambao maandishi yake yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Inaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Maneno mazuri. Lakini wapagazi wale walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, na wengi hawakuandikwa jina popote. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Karibu miaka mia tangu shaba ile isimamishwe! Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, nasi kwa midomo yetu tukalifanya Kariakoo. Watu wananunua vitenge pale kila siku juu ya jina la wapagazi.

Majirani zetu Kenya nao walipata msiba kambi ya askari wao iliposhambuliwa El Adde, Somalia, Januari 15, 2016. Mishumaa iliwashwa, ibada ikafanywa Eldoret, marais watatu wakahudhuria. Lakini idadi kamili ya waliokufa serikali haikuitangaza. Mimi ningekuwa na ndugu pale, mshumaa ningeushukuru, kisha ningesema: nihesabieni kwanza.

Ndiyo maana nikiona utepe siulizi ni wa rangi gani wala umevaliwa na wangapi. Nauliza unamjua nani. Muuza machungwa alijua ni mtoto wa nani anapita. Fundi viatu aliujua mguu wa baba mpaka kwa kipimo cha kamba. Mzee wa shoka anawajua aliolala nao handakini. Sanamu ya Posta ilisimamishwa na watu ambao hawakuwajua waliowasimamishia, wala hawakutaka kuwajua, kwa sababu ukimjua mtu unajua na deni lake. Na matembezi ya mtaani kwenu yalikuwa na picha ya mume wako kubwa kama mlango, lakini mkewe akaipata habari barabarani. Hilo ndilo lililokuchoma, mwanangu. Utepe ungeweza kuvumilika.

Hata hivyo naomba uwatazame tena wale watu. Wengi waliovaa ule utepe hawajui habari za homa ya usiku ule, hawajui faini ya kikoba. Walisikia Kongo kuna mapigano, wakaogopa kwa niaba ya nchi yao, wakatafuta kitu cha kufanya na mikono yao. Kitu walichopewa kufanya kilikuwa kitambaa. Sidhani kama ni unafiki. Mwekahazina ndiye wa kuulizwa, na shemeji yako.

Shemeji mwite nyumbani, usimwandikie. Umpikie ukiweza. Usianze na matembezi, anza na usiku wa saa nane, umweleze kama ulivyonieleza mimi, milango mitatu, simu iliyokatika, yule kijana wa bodaboda. Inawezekana kabisa kwamba yeye hakumbuki ile simu, na kwamba anapanga matembezi kwa sababu naye anamhofia kaka yake na hajui aipeleke wapi hofu hiyo. Mwambie, "Shemeji, kaka yako hayupo, na mimi nahitaji mtu wa kumpigia usiku. Ni wewe au si wewe?" Halafu nyamaza, mwache ajibu mwenyewe. Akisema ndiye, mpe namba ya jirani na umwonyeshe ilipo kadi ya kliniki ya mtoto.

Jambo la pili la kumwambia ni la usalama, na hapa usilegee. Bango lile lishushwe na picha zake zifutwe kwenye makundi. Mtu aliye misheni, sura yake, kikosi chake na mahali alipo si vitu vya kusambazwa na mtaa, na nyumba ambayo kila mtu anajua baba hayupo nayo haiko salama. Wakitaka kumtaja, wamtaje kwa maombi, bila kombati na bila kutaja eneo.

Kuhusu kikoba, faini uliilipa na kanuni ni kanuni. Ila kwenye kikao kijacho omba nafasi uzungumze kwa dakika mbili. Waeleze kwamba pesa za mtu aliye mbali zinaweza kuchelewa bila kosa la mke, na uombe iandikwe kwenye kanuni kwamba mwanachama mwenye mume au mke safarini kikazi apewe siku saba kabla ya faini. Wala usimtaje mwekahazina. Mwenye utepe mkubwa akiipinga hoja hiyo, wanachama watajionea wenyewe. Akiiunga mkono, na mimi naomba iwe hivyo, basi utepe wake utakuwa umepata kazi.

Umesema nyumba ina wapangaji watatu. Wagongee mchana, mmoja mmoja. Watu wengi hawafungui mlango usiku kwa woga, lakini wakijua ni wewe na ni mtoto, watafungua. Na watafute wake wengine wa wanajeshi walio karibu nawe, hata kama wewe hukai kota. Wao hawatakuuliza kwa nini unashtuka ukisikia pikipiki.

Sasa mama mkwe. Huyo usimjumuishe na mtaa. Yule ni mama mzazi, hawezi kumpigia mwanawe kila anapotaka, na hapo kijijini kila mtu anamuuliza "vipi kijana?" naye hana jibu. Ule utepe ndio jibu lake. Yeye anamjua anayemvalia, tangu akiwa tumboni. Kwake nenda, au mpigie, na hapo ndipo ninapotaka useme "nisamehe mama". Usiombe msamaha kwa kukataa utepe. Omba kwa sababu katika siku zile nne, ninyi wawili mlikuwa mnalia juu ya mtu mmoja na hakuna aliyempigia mwenzake. Barua yako haisemi kama ulimpigia. Kama ulimpigia, nisamehe mimi.

Limebaki moja, na huenda hukuliona ulipokuwa unaandika. Mume wako alicheka, akasema hazitufikii huku. Halafu akauliza picha ipi. Mwanaume asiyejali haulizi picha ipi, mwanangu. Alitaka kujua wamemchagulia sura gani, kama amependeza, kama ni ile ya siku ya kuaga au ile ya mafunzo aliyokonda. Wewe ukamwambia hukumbuki, na ninaamini unaikumbuka vizuri sana.

Kabla bango halijashushwa, simama mbele yake na watoto wote wawili, mwombe shemeji akupigeni picha. Usiiweke popote. Mtumie mume wako peke yake, umwandikie ni picha ipi, na umwambie mdogo homa ilishapona.